Neno la Maziwa

"Usiniambie ulikuwa unanisaidia," Editruda alisema. "Hapo tumeshapita. Sema lingine."

"Sina lingine. Nilikuwa nakusaidia."

"Mama."

"Iweke chini hiyo sufuria kwanza. Itakuunguza."

Hakuiweka. Alikuwa ametoka nayo jikoni, maharage bado yanatokota, ameishika kwa kitambaa chembamba, na njiani akasahau alikuwa anaipeleka wapi. Binti yangu akikasirika husahau mikono yake. Ni fundi wa mapanga ya upepo yanayovuta maji visimani. Hupanda minara ambayo mimi kuitazama tu napata kizunguzungu, na huko juu hasahau hata skrubu. Nyumbani ndiyo hivyo.

"Nimemwuliza," alisema. "Nimekaa kitandani asubuhi nikamwuliza msemaji wangu, nani alikuambia useme ndiyo? Unajua amenijibu nini?"

Nilijua. Msemaji hupiga kura kwa niaba yako bila kukusumbua, lakini hakudanganyi. Ukimwuliza, anajibu. Salama yetu sisi akina mama wa mji wa Tulizo ilikuwa moja tu: hakuna mtoto aliyewahi kuuliza. Nani huamka akakiuliza kivuli chake kimetoka wapi?

"Amesema, 'Mama.' Basi. Hakuongeza kitu."

"Labda hakukuelewa."

"Nimeuliza tena. Akasema tena."

Upepo uligonga dirisha. Nililifunga, ili nipate cha kufanya.

"Jina langu limewaka kijani kwenye ukuta wa baraza, mji mzima ukitazama," aliendelea. "Mimi, niliyeshinda juani na watu wa Bondeni nikisema bwawa lisijengwe juu ya nyumba zao. Leo kazini kata ya togwa imezunguka kama kawaida. Imefika kwa Zaituni. Zaituni kanywa, kampa aliye nyuma yangu. Ikanipita. Hakuna aliyenitukana, Mama. Wangenitukana ningeona nafuu."

Zaituni ni mtoto wa Bondeni. Amekua akila katika nyumba hii.

"Visima vya juu vinakauka," nilisema. "Wewe ndiye unayeshusha mabomba kila kiangazi. Umeniambia kwa mdomo wako kwamba maji yanakimbia."

"Nimekuambia."

"Na maji ya mvua yanaweza kukaa Bondeni tu. Tusipojenga, ulitaka watu wanywe nini? Msimamo wako?"

"Huenda unasema kweli." Sauti yake ilishuka, na hilo liliniogopesha kuliko makelele. "Huenda bwawa ni jambo jema kabisa. Lakini mimi nilisema hapana. Hapana yangu iko wapi?"

Nilitafuta jibu la mwalimu nikakuta sina. Nikatoa la mama.

"Kila mama anapitisha mwiko."

Ndivyo tunavyosema mjini kwetu. Mtoto amepika chungu chake, mama anapita, anapitisha mwiko mara moja, kisishike chini. Tukisema hivyo tunacheka.

"Wewe si kila mama. Wewe ndiye unayewafundisha wageni siasa kabla hawajapewa sauti. Leo unafundisha nini?"

Nikaanza kukusanya chaki zangu.

"Mama, nimekuuliza. Leo unafundisha nini?"

"Uhalali wa mamlaka."

Hapo akaiweka sufuria, sakafuni, katikati ya mlango, akacheka kicheko ambacho sikumlea nacho.

"Alasiri baraza linatia lakiri," alisema. "Ikishatiwa, Bondeni inahama. Utasimama uwaambie ndiyo ile ilikuwa ya nani. Usiposimama, nitavua." Akagusa kipuli cha shaba sikioni mwake, ambamo msemaji wake anakaa. "Nitavua palepale mbele yao na kuwaachia mezani."

Hapa Tulizo, asiye na kipuli hana msemaji, na asiye na msemaji ni mgeni. Hapewi fungu la maji. Hapewi kazi ya mji. Hulala kwenye mabanda ya wapitaji mpaka aondoke.

"Huwezi. Umezaliwa hapa."

"Nimezaliwa hapa niwe kura yako ya pili."

Akatoka, akairuka sufuria.

Nilikula. Nilikuwa na darasa, na mimi sifundishi na njaa. Maharage yalikuwa na chumvi kidogo mno. Nilichota ya kuongeza, mkono ukasita juu ya sufuria. Alikuwa amepika yeye. Nikaila chumvi ile kavu, kama mwendawazimu, nikaosha sahani.

* * *

Ofisi ya katibu wa baraza iko njiani. Valeria Mpinga nimesoma naye, nikafiwa naye, tukazeeka pamoja. Nilimkuta anasugua muhuri wa lakiri kwa limau.

"Editruda amejua," nilimwambia.

Hakuuliza amejua nini. Aliinuka, akafunga mlango, akarudi.

"Amejuaje?"

"Amemwuliza msemaji wake."

"Amemwuliza tu? Hivi hivi?" Alitikisa kichwa. "Watoto hawa. Tumewafundisha kila kitu isipokuwa kunyamaza. Anataka nini?"

"Nisimame leo barazani niseme."

"Na wewe umekuja kuniambia husimami."

"Nimekuja. Nitakachosema bado sijui."

Valeria aliweka limau chini.

"Nisikilize, Paskalina, maana wewe unafundisha sheria hii na mimi ndiye ninayeitekeleza. Sauti moja ikikiriwa hadharani kwamba si ya mwenyewe, siruhusiwi kutia lakiri. Ni lazima kwanza kila mtu amwulize msemaji wake swali lilelile. Kila mtu. Wanangu wale wawili watamwuliza. Jioni watakuja mezani kwangu na majibu."

"Uliwapitishia mwiko kwenye bwawa?"

"Kwenye bwawa, kwenye zahanati, kwenye shule ya ufundi. Zahanati unaikumbuka? Vijana walitaka uwanja wa mpira. Wangepata uwanja, na marehemu mume wako asingepata pa kufia penye shuka safi." Alisema hivyo bila ubaya. Ndivyo tunavyozungumza mimi na yeye. "Mji huu umesimama kwa sababu wanawake wenye akili walishika mwiko. Unataka kuwaambia watu kwamba nyumba yao haina msingi?"

"Ina msingi. Hawajui tu ni upi."

"Nyumba haianguki kwa sababu ya kutojua." Akanishika mkono. "Fanya hivi. Usiku huu mwite binti yako, mtajie lile neno unalomwagizia msemaji wake, alibadilishe. Kura zote zijazo ni zake. Hii moja imeshapita. Bwawa lijengwe, watu wanywe maji, yaishe."

"Na Zaituni?"

"Zaituni ndiye nani?"

"Rafiki yake. Aliyemnyima togwa."

"Atamsamehe. Watu wakishakunywa maji husamehe."

Nilikubaliana naye. Sitaficha hilo. Nilitoka pale nimeshakubali, nikiwa na wepesi wa mtu aliyeambiwa na daktari kwamba ni mafua tu.

* * *

Darasa langu ni la watu wa pwani. Bahari imekula mitaa yao, wamepanda huku nyanda za juu na mabegi na kuku, na kabla ya kupewa vipuli ni lazima wapite kwangu wajifunze maneno machache: dola, serikali, mamlaka, ridhaa. Ni watu wazima. Ukiwapa maneno matupu wanasinzia, kwa hiyo huwachorea bomba.

"Bomba moja," nilisema, nikichora. "Foleni ndefu, jua kali. Anakuja mtu na rungu. Anasema sogeeni, mnasogea. Huyu ana nini?"

"Ana kichaa," alisema Bwana Shemhilu, aliyekuwa na bucha kule kwao.

"Ana nguvu. Sasa anakuja mwingine. Hana rungu, ana filimbi. Anapuliza, mnasogea. Kwa nini mnasogea?"

"Tulimweka wenyewe," alisema mama mmoja mbele.

"Ndiyo. Huyo ana mamlaka. Rungu humtoka mtu mkononi na watu wakaacha kusogea. Filimbi anaweza kuisahau nyumbani, akipunga mkono tu mnasogea. Na ile sababu inayowafanya muone ni haki yake kupuliza, tunaiita uhalali. Uhalali haukai na mpulizaji. Unakaa na ninyi mlio kwenye foleni. Mkiuondoa, anabaki mtu mwenye kipande cha bati mdomoni."

Waliandika. Huwa naipenda dakika hiyo, kalamu zote zikiinama. Leo niliwatazama utosini nikajisikia kama mwuza maziwa anayejua alichochanganya.

"Na hapa Tulizo," niliendelea, "hatuna mpulizaji mmoja. Kila mtu ana msemaji wake. Tangu mtoto anazaliwa, kipuli hufungwa kwenye kitanda chake. Kila asubuhi msemaji huuliza vijiswali. Chakula ni kidogo, nani ale kwanza? Jirani kakukosea, utamnyima moto? Mtoto akiwa mdogo mama ndiye anayejibu. Akikua anajibu mwenyewe. Kwa majibu hayo msemaji anamjua mtu wake, na likija jambo la mji hupiga kura kama mtu huyo angepiga. Siku mtoto anapotimiza umri, mama anamleta barazani. Analitaja hadharani lile neno alilomwamshia msemaji siku ya kwanza, wakati wa kunyonyesha. Tunaliita neno la maziwa. Likishasikiwa na masikio mengi, linaungua, haliagizi tena kitu. Mtoto anachagua neno lake mwenyewe. Hapo amekuwa raia."

Bi Saumu aliinua mkono. Ni mwanamke mwembamba, mkimya, mwandiko wake mzuri kuliko wangu.

"Mwalimu, lile somo la kubaki nalo tutalifikia lini?"

"Kubaki na nini?"

"Na neno. Jirani yangu ameniambia kuna neno unalitaja mbele za watu, na kuna lile la kweli unabaki nalo. Mimi nina kijana anakaribia umri. Naogopa nisije nikataja la kweli kwa ushamba wangu."

Darasa lilicheka, cheko la wema. Hakuna aliyeona haya. Kalamu zote zilikuwa juu, zinangoja. Walidhani ni sura ya kitabu ambayo hatujaifikia.

Siku ya Editruda mimi nilitaja "Tumaini". Nilivaa gauni jipya. Nikasema kwa sauti, "Nakuachia, Tumaini," na watu wakapiga vigelegele, na binti yangu akalia akanikumbatia shingoni. Neno halikuwa Tumaini.

"Hilo halimo katika masomo," nilisema.

"Lakini linafanyika?"

"Linafanyika."

"Basi hilo ndilo siasa yenyewe," alisema Bwana Shemhilu. "Haya mengine ni ya mtihani."

Walicheka tena. Nilishika chaki mpaka ikakatika.

"Bi Saumu, kwa nini unalitaka?"

Alifunga daftari lake kwanza, kama mtu anayefunga dirisha kabla ya kusema.

"Nilikuwa na wana wawili. Maji yalipopanda, mkubwa alisema habanduki kwenye nyumba ya babu yake. Nikamwambia, mwanangu umekua, amua. Hiyo ridhaa uliyoiandika hapo ubaoni nilimpa yote, sikubakisha. Yuko nayo chini ya maji. Huyu aliyebaki simpi."

Bwana Shemhilu alivua kofia.

Nimefundisha miaka mingi na nina majibu ya maswali mengi. La hilo sikuwa nalo, na wala leo sinalo. Nilijua tu kwamba nikikaa kimya, darasa zima litatoka pale limehitimu kwangu somo ambalo sikuandika.

"Mwanao yule," nilisema polepole, "ungeweza kumbeba kwa nguvu?"

"Nikisaidiwa na kaka zangu, ningeweza."

"Angekuchukia."

"Angekuwa hai akinichukia."

"Ndiyo. Na angejua nani amembeba." Nikageuka kwenye ubao, kwenye yule mtu wa rungu niliyemchora na miguu mifupi. "Huyu ni mbaya, lakini mnamwona. Mnaweza kumlaani, kumkimbia, kumshitaki, siku moja hata kumnyang'anya rungu. Mama anayebaki na neno hamshiki mtoto mkono amvute. Anauvaa mkono wa mtoto kama glavu. Mtoto anatazama mkono wake unachofanya, anadhani ni yeye. Na wenzake wanadhani ni yeye. Wanamnyima..." Nikaishia hapo.

"Wanamnyima nini, Mwalimu?"

"Togwa."

Waliniangalia. Nadhani Bi Saumu alielewa kabla ya wengine, maana aliuliza kwa upole, kama anayemuuliza mgonjwa.

"Wewe unaye mtoto?"

"Ninaye. Wa kike."

"Ulimwachia?"

Nilifuta ubao. Niliufuta wote, na bomba, na foleni, mpaka pembeni ambako sikuwa nimeandika kitu.

"Kusanyeni vitu vyenu," nilisema. "Twendeni barazani mkaone lakiri inavyotiwa. Somo litaishia huko."

Njiani niliwaacha watangulie. Nilikigusa kipuli changu, nikamwuliza msemaji wangu kwa sauti ya chini, "Kuhusu bwawa, nani alikuambia?"

Nilitamani aseme, "Mama." Mama yangu ni marehemu. Ningepata pa kujificha, nyuma ya kanga zake, na ningemwambia Editruda, unaona, na mimi nilitendewa.

"Wewe," alisema msemaji wangu.

"Na zahanati?"

"Wewe."

"Na zamani, nilipokuwa kijana, yale ya kuchimba visima?"

"Wewe."

Mama yangu aliniachia kweli. Alisimama mahali palepale nilipokwenda kusimama mimi, akataja neno lake, nami nikakasirika siku ile kwa sababu lilikuwa jina la kitoto na rafiki zangu walinicheka. Nilikuwa nimelisahau. Alikubali nichekwe.

* * *

Ukumbi ulikuwa umejaa nusu. Siku ya lakiri haina mambo. Kura zimeshapigwa, watu huja kwa heshima na kwa sababu kuna chai. Ukuta wa majina ulikuwa unawaka kuanzia sakafuni hadi darini, kijani nyingi kuliko nyekundu. Bondeni walikaa pamoja upande wa mlango, wameshavaa nguo za safari.

Jina la Editruda lilikuwa kijani, chini kidogo ya langu.

Yeye mwenyewe alisimama nyuma kabisa, peke yake, na nguo za kazi. Zaituni alikuwa hatua chache kutoka kwake, amemgeuzia bega. Editruda hakunitazama. Mkono wake wa kushoto ulikuwa sikioni, na vidole vilikuwa vimeshaanza kuzungusha kile kiskrubu kidogo cha nyuma. Kama nilivyosema, akiwa na kazi mikono yake haisahau.

Wanafunzi wangu walikaa mstari wa mbele. Bwana Shemhilu alishaipata chai.

Valeria alisoma uamuzi. Alisoma vizuri. Wakaaji wa Bondeni watapewa viwanja vya juu, bwawa litaanza kiangazi hiki, mji hautalala na kiu. Nilisikiliza nikaona bado nakubaliana na kila neno. Ndilo lililonitia haya kuliko yote. Ningejua nimekosea kuhusu maji, kukiri kungekuwa rahisi. Mtu husema nilikosea, akasahihisha. Mimi nilikuwa sahihi, na nilimwibia mtoto wangu ili niwe sahihi mara mbili.

"Kuna mwenye neno kabla ya lakiri?" aliuliza Valeria.

Hilo huulizwa kila mara, na kila mara ukumbi hujibu kwa pamoja, hakuna. Viti vilishaanza kukwaruza sakafu.

"Hakuna," watu walisema.

"Nipo," nilisema mimi.

Viti vikanyamaza. Nilikuwa nimesimama na sikumbuki kuinuka. Nilikuwa na unga wa chaki kifuani na tone la mchuzi wa maharage kwenye gauni. Nilitamani ningejitazama kwenye kioo kabla ya kuja. Ndivyo aibu ilivyo. Inakutafutia jambo dogo la kushika.

"Kaa, Mwalimu," Valeria alisema kwa sauti ya chini. Muhuri ulikuwa mkononi mwake, umeng'aa. "Paskalina, tafadhali. Kaa."

"Mimi ni Paskalina Sungi. Mnanijua. Wengi wenu nimewafundisha." Sauti ilitoka nyembamba, nikaisukuma. "Ile ndiyo ya binti yangu Editruda, pale ukutani, si yake. Ni yangu. Yeye alisema hapana, kama alivyowaambia watu wa Bondeni. Hakuwadanganya. Nimebaki na neno lake la maziwa tangu siku mliyotupigia vigelegele. Nimekuwa nikilitumia."

Sikusikia minong'ono niliyoitegemea. Nilisikia kimya cha wanawake. Ukikaa mji huu muda mrefu unakitambua, kina uzito wake. Mama mmoja mbele yangu aliinamia viatu vyake. Mwingine alimtazama mwanawe wa kiume, kisha akatazama haraka mahali pengine, na mwanawe akaliona hilo.

"Tunaomba radhi kwa haya," Valeria aliuambia ukumbi. "Mwalimu amechoka. Hakuna ushahidi wowote kwamba..."

"Upo," nilisema. "Ninao mdomoni."

Nikageuka nyuma. Sasa Editruda alikuwa ananitazama. Kipuli kilikuwa kimelegea, kinaning'inia, bado hakijatoka.

Neno lile sikuwahi kulisema mbele ya mtu. Hata baba yake hakulijua. Nilimpa nikiwa na umri kama wake wa sasa, mchana, nyumba nzima imelala kwa joto. Alikuwa amezaliwa mdogo mno, kiasi kwamba mkunga alinikabidhi bila kunipongeza. Nilimweka kifuani, nikafungua mdomo, na hilo ndilo lililotoka. Ni la kitoto. Watamcheka nalo minarani mpaka azeeke. Na mimi nikishalitoa, sitakuwa na kitu chake tena ambacho ni changu peke yangu. Kumbe hilo ndilo nililokuwa nikililinda miaka yote. Bwawa lilikuwa kisingizio.

"Punje," nilisema.

Halikufika nyuma. Nilivuta pumzi, nikalisema kama ninavyoita wanafunzi uwanjani.

"Punje. Neno ni Punje."

Kipuli chake kililia mara moja, kidogo, kama kijiko kikigonga kikombe. Ukutani, jina lake lilizimika. Mahali pake pakabaki rangi ya jivu kati ya majina ya watu.

Valeria aliweka muhuri mezani. Hakuupiga. Nilisikia mtu, kijana, mahali fulani kushoto, akiuliza taratibu kama anayejisemesha, "Nani alikuambia?" Kisha mwingine. Kisha sauti nyingi za chini, ukumbi mzima, kila mtu ameinamisha kichwa upande wa sikio lake.

Sikuwasikiliza. Nilimwona Editruda akikikaza kipuli mahali pake kwa vidole viwili. Akakifunika kwa kiganja, akasogeza mdomo karibu na mkono, tayari kumpa msemaji wake neno jipya. Tulikuwa mbali, lakini nimemlea. Naweza kulisoma neno lake midomoni kutoka ng'ambo ya mto.

Nikampa mgongo, nikafumba macho, nikaziba masikio kwa mikono miwili.